Kisichoandikwa: Hifadhidata, Imani na Watu wa Eastlands

Dhana ya ulimwengu uliofungwa ni kanuni inayosema kwamba jambo lisilopatikana katika hifadhidata lihesabiwe kuwa si kweli. Aliyeieleza kwa jina hilo ni Raymond Reiter, mwanasayansi wa kompyuta wa Kanada, katika mkutano wa wataalamu wa mantiki na hifadhidata uliofanyika Toulouse, Ufaransa, mwaka 1977. Andiko lake lilichapishwa mwaka uliofuata. Kanuni yenyewe ilikuwa ikitumika kimyakimya hata kabla ya kutajwa. Ratiba ya ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta huorodhesha safari zilizopo tu. Haiorodheshi zisizokuwepo, maana hizo hazina idadi. Msafiri asipoiona ndege ya Kisumu ya saa tisa usiku huondoka akijua kwamba hakuna ndege ya saa hiyo, wala huwa hajakosea.

Hata hivyo ndani ya kanuni hii mna hatua kubwa ya kifikra, kutoka kwenye kimya hadi kwenye ukanushaji, na mantiki ya kawaida hairuhusu hatua hiyo. Kutomjua mtu hakumfanyi asiwepo. Hatua hiyo huwa halali kwa sharti moja, kwamba mwenye daftari amehakikisha ameandika yote yaliyopaswa kuandikwa. Hapo ndipo suala la hifadhidata linapovuka mipaka ya ufundi na kuwa la falsafa, na kwa watu wenye imani likawa la dini: ni nani awezaye kutoa hakikisho hilo, na juu ya mambo gani?

Jibu huanza kwa kutenganisha aina mbili za kumbukumbu. Zipo zinazoliumba jambo kwa kuliandika. Safari ya ndege ipo kwa sababu shirika limeipanga. Akaunti ya benki na laini ya simu vivyo hivyo. Zipo nyingine zinazoripoti tu jambo lililotangulia kuwapo: kuzaliwa kwa mtoto, ukoo wa mtu, mtaa alikokulia. Katika aina ya kwanza mwandishi ndiye mwenye jambo, kwa hiyo kimya chake ni uamuzi. Katika aina ya pili mwandishi ni shahidi tu, na shahidi akinyamaza hakuna kilichothibitika. Dhuluma nyingi zilizowapata watu kupitia madaftari zimetokana na kuichukua aina ya pili kana kwamba ni ya kwanza.

Taaluma ya hifadhidata imekuzwa sana kwa makongamano. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika IBM huko San Jose, California, alichapisha pendekezo kwamba data zipangwe katika majedwali ya mistari na safu, na mtumiaji aseme anachokitaka bila kulazimika kueleza njia ya kukifikia. Mwaka 1974 hoja yake ilishindanishwa hadharani na ile ya Charles Bachman katika mkutano wa Ann Arbor, Michigan. Bachman aliona kazi ya mwandishi wa programu kuwa ni kuongoza chombo kutoka rekodi moja hadi nyingine. Mwaka 1975 ukafanyika Framingham, Massachusetts, mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu hifadhidata kubwa sana, ambao umeendelea kufanyika katika nchi mbalimbali. Nairobi nayo, hasa tangu iHub ilipofunguliwa mwaka 2010, imezoea mikusanyiko ya waandishi wa programu na wasimamizi wa data. Kumbi nyingi ziko upande wa magharibi wa jiji, Westlands, Kilimani na Upper Hill, na miongoni mwa wanaohudhuria wamo vijana waliopanda matatu asubuhi kutoka Umoja, Kayole, Donholm na Buruburu, mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki.

Mazungumzo katika makongamano hayo hufuata mkondo unaojulikana. Huzungumzwa kasi ya maulizo, nakala za akiba, namna ya kuifanya seva iliyoko mbali iwe na data zile zile, na namna ya kurudisha mfumo uliozimika. Msingi wa mengi ya hayo ni sifa nne ambazo Theo Härder na Andreas Reuter walizitaja pamoja mwaka 1983: muamala ufanyike wote au usifanyike kabisa, usivunje masharti ya jedwali, usiingiliane na mwingine, na ukishakubaliwa usipotee. Ni sifa nzuri mno. Bila hizo M-Pesa isingeaminika hata siku moja. Lakini zote nne zinalinda kilichokwisha kuandikwa. Hifadhidata inaweza kuzitimiza bila dosari huku imewaacha nje nusu ya watu iliokusudiwa kuwaandika, na hakuna kengele itakayolia. Mstari usiokuwepo hauvunji sharti lolote.

Codd mwenyewe alihangaika na pengo lililo karibu na hili. Alitaka nafasi tupu ndani ya jedwali iwe na maana iliyo wazi, na katika maandiko yake ya baadaye, kikiwemo kitabu chake cha 1990, alizigawa mbili: tupu ya jambo lililopo ila halijulikani, na tupu ya jambo lisilomhusu anayeandikwa. Mgawanyo huo ni wa maana, ila unahitaji kuongezewa. Historia ya mashariki mwa Nairobi inaonyesha nafasi tupu za aina nyingine mbili, ambazo fundi ameketi mbele ya skrini hawezi kuzitofautisha na zile za Codd: jambo ambalo hakuna aliyeuliza, na jambo ambalo mtu alilisema na karani akakataa kulipokea.

Pumwani, mtaa wa kale kuliko yote iliyotengewa Waafrika kwa mpango rasmi jijini, ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Waliohamishiwa huko walitoka katika vijiji vya awali vya mji, na wengi wao walikuwa Waislamu. Pangani, kijiji kilichobaki, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakajengewa Shauri Moyo. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiendesha mfumo mkubwa wa kwanza wa kuandikisha watu nchini. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi alihesabiwa mtoro. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 kwa kupinga madhila ya aina hiyo, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi na ukapigwa risasi. Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Muthoni hakuwa na kipande. Hakuna mwanamke aliyekuwa nacho. Katika macho ya daftari hilo Mwafrika wa mjini alikuwa mwanamume wa kazi ya muda, ambaye angerudi kwao mkataba ukiisha. Ilhali Pangani na Pumwani sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake, waliojenga au kununua nyumba kwa fedha zao wenyewe, wakapangisha vyumba na kurithishana. Ofisi moja iliwapokea walipolipia kiwanja. Ofisi nyingine iliendesha mji kana kwamba hawapo. Huu ni mfano ulio safi kabisa wa ulimwengu uliofungwa isivyostahili. Hakuna aliyekanusha kwa maneno kwamba wanawake wanaishi Nairobi. Fomu haikuwa na nafasi yao, na kutokana na fomu hiyo zikapangwa nyumba za kitanda kimoja, mishahara ya mtu mmoja na sera za kumrudisha kila mtu shambani. Sheria ya 1947 ilipanua usajili kwa wanaume wa rangi zote, lakini wanawake wa Kenya walisubiri hadi marekebisho ya 1978 ndipo usajili wa vitambulisho ukawahusu.

Hatari ya kukosa mstari ilionekana kwa ukali zaidi nyakati za hofu. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakapita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Waafrika wakiwatafuta wafuasi wa vuguvugu la Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru walichujwa kwa stakabadhi zao na kwa neno la watoa habari waliofunikwa nyuso, na maelfu wakapelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Aprili 2014, miaka 60 baadaye, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Operesheni Usalama Watch ilifanya msako katika mtaa wa Eastleigh. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wakizuiliwa katika uwanja wa Kasarani hadi uraia au hadhi yao ya ukimbizi ithibitishwe. Matukio haya mawili hayafanani kwa kila hali, na haki inataka yasilinganishwe kijuujuu. Yanashiriki jambo moja: mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia asiye na karatasi, naye alizuiliwa kwanza ndipo akaulizwa.

Tena kuandikwa nako si salama kila mara. Wakati wa ukame na njaa, Wakenya wa kaskazini mashariki walijiandikisha kuwa wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula, wengine wakiwa watoto walioshikwa mkono na wazazi wao. Walipofikia umri wa kuchukua kitambulisho, alama zao za vidole zilikutwa katika hifadhidata ya wakimbizi, na ombi likakataliwa. Mashirika ya haki za binadamu yamekadiria kuwa tatizo hili liliwagusa watu zaidi ya 40,000, na Eastleigh, ambako koo nyingi za kaskazini mashariki zina makazi na biashara, inalijua vizuri. Kiufundi mfumo ulifanya kazi yake barabara: vidole vile vile, mtu yule yule, ingizo moja tu linaruhusiwa. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba ingizo la kwanza lilieleza mtu ni nani, ilhali lilieleza tu kwamba siku hiyo alikuwa na njaa.

Mafundisho ya dini yanayosomwa katika mitaa hii yana mengi ya kusema kuhusu kuandika. Katika Uislamu, elimu ya Mwenyezi Mungu imekamilika kiasi kwamba hata jani halianguki ila liko katika kitabu kilicho wazi. Malaika waandishi hawaachi neno wala tendo, na siku ya hesabu kila mtu atakabidhiwa kitabu chake akisome mwenyewe. Itikadi hiyo ina tokeo la kifalsafa ambalo ni nadra kuelezwa. Kitabu kilichokamilika ndicho peke yake kinachotoa idhini ya kusema kwamba kisichokuwemo hakipo, na kitabu hicho si cha mwanadamu. Afisa anayemwambia mkazi wa Majengo, Pumwani, kwamba hayupo kwa kuwa mfumo haumwonyeshi anadai, pengine bila kujua, sifa isiyokuwa yake. Mtu anayemwamini Mungu ana sababu nzito kuliko mwingine yeyote ya kulionea shaka daftari la kibinadamu linalojitangaza kuwa limekamilika.

Maandiko ya Kikristo yanafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kitabu cha Pili cha Samweli kinasimulia jinsi Daudi alivyowahesabu watu wake ingawa Yoabu alimsihi aache, na tauni ikafuata. Wafasiri wametofautiana juu ya kosa lake hasa. Lililo dhahiri ni kwamba hesabu yake ilikuwa ya wanaume wanaofuta upanga, yaani watu waliohesabiwa kwa manufaa ya mfalme. Katika Injili ya Luka yuko mchungaji mwenye kondoo 100 anayegundua amepotewa na mmoja, akawaacha 99 na kumfuata. Hapo pana ukaguzi wa ukamilifu ambao mifumo mingi haina. Mchungaji anajua idadi inayostahili kuwapo kabla ya kuhesabu waliopo, na pengo linapoonekana kazi ya kutafuta ni yake. Kondoo hatakiwi kuja na ushahidi.

Mwongozo ulio wa kina zaidi kuhusu maadili ya mwandishi uko katika aya ndefu kuliko zote za Kurani, aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inayohusu madeni. Aya hiyo inaamuru deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu, pawe na mashahidi, na mwandishi wala shahidi asidhuriwe. Linalogusa hifadhidata za leo ni amri juu ya nani atamke. Anayetamka maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, yule ambaye maandishi yatamfunga. Mdai, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye nguvu, hapewi nafasi hiyo. Na mdaiwa akiwa mwenye upungufu wa akili, dhaifu au asiyeweza kutamka, msimamizi wake atamke kwa uadilifu. Kanuni hiyo ikichukuliwa nje ya deni la fedha inasema kwamba atakayebeba matokeo ya rekodi awe na kauli ya kwanza juu yake. Mifumo ya kuandikisha watu imejengwa kinyume: safu za jedwali huamuliwa na ofisi, na raia hujaza alichoulizwa.

Mvutano huu ulifika mahakamani kwa jina la Huduma Namba. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika Januari 2019 yaliunda mfumo mmoja wa taifa wa utambulisho, na miezi michache baadaye watu wakapanga foleni kujiandikisha. Baadhi ya waumini waliihofia nambari hiyo wakiihusisha na alama ya mnyama iliyotajwa katika Ufunuo. Hofu hiyo ilipuuzwa kirahisi mno. Hata asiyekubaliana na tafsiri yao angeweza kusikia swali halali ndani yake: ni mamlaka gani yanayostahili kuwa mlango pekee wa kununua na kuuza? Wakati huo serikali ilikuwa imezungumzia nambari hiyo kama sharti la kupata huduma. Jukwaa la Haki za Wanubi na walalamishi wengine walipeleka hoja iliyo thabiti zaidi kisheria, kwamba jamii ambazo tayari hutaabika kupata kitambulisho zingefungiwa nje kabisa. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walifuta ukusanyaji wa DNA na wa mahali mtu anapoishi kwa mitambo ya setilaiti, wakaruhusu mfumo uendelee kwa sharti kwamba uwekewe kanuni kamili, wakitambua hatari ya watu kutengwa. Oktoba 2021 mahakama hiyo iliamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa umeanzishwa bila tathmini ya athari iliyotakiwa na sheria ya ulinzi wa data.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa heshima. Serikali haiwezi kufanya kazi ikiwa kila asiyeandikwa atachukuliwa kuwa huenda yupo. Matapeli wangejipenyeza, pasipoti zingeuzwa, na wananchi wa Eastleigh waliowahi kupoteza ndugu kwa mabomu wana haki ya kulindwa kama wengine. Ni kweli. Lakini pingamizi hilo linathibitisha haja ya kuuliza, halithibitishi haki ya kukanusha. Kati ya ndiyo na hapana pana jibu la tatu, haijulikani bado, na jibu hilo linaweza kupewa muda maalumu, afisa mwenye jina na njia ya rufaa. Kwa miaka mingi waombaji wa jamii fulani, Wasomali na Wanubi wakiwemo, walipelekwa mbele ya kamati za kupigwa msasa, wakiagizwa walete vyeti vya wazazi na hata vya babu, wakati jirani zao wa mtaa ule ule walichukua vitambulisho bila safari hiyo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa utaratibu huo. Ubaya wake haukuwa katika kuuliza maswali. Ulikuwa katika kuwauliza baadhi tu, bila kikomo, na kukiita kimya cha daftari la zamani kosa la mjukuu.

Kwa wataalamu wa hifadhidata yapo mambo yanayoweza kufanywa kwa ufundi wao wenyewe, na ni haki yao kuyadai yawekwe katika ratiba ya makongamano. Jedwali linaweza kutofautisha asiyeulizwa na aliyekataliwa. Mfumo unaweza kurekodi kila utafutaji ulioambulia patupu, ili ijulikane ni watu wangapi waliokuja kaunta ya Huduma Centre ya Makadara wakaambiwa hawaonekani, na wanatoka wapi. Ukamilifu unaweza kupimwa kwa kulinganisha madaftari mawili yaliyotungwa kwa malengo tofauti, kama vile orodha ya watoto waliozaliwa katika hospitali ya Pumwani na orodha ya waliopewa vyeti. Kazi hizi hazina mvuto wa kasi, na hakuna mteja anayezilipia kwa urahisi, lakini bila hizo hakuna fundi anayeweza kusema kwa ukweli kwamba jibu la hapana lililotolewa na mfumo wake ni hapana.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imempa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na, katika kifungu cha 40, haki ya kutaka kisahihishwe au kifutwe. Ni hatua kubwa, na aliyeandikwa mkimbizi ilhali ni raia ana la kushika. Ila haki hizo zote zinaanzia kwenye data iliyopo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani katika mtaa wa Kiambiu bila taarifa kufika kwa naibu wa chifu, au mzee ambaye karatasi zake ziliteketea, hana mstari wa kusahihisha, na sheria inayolinda data haina data yake ya kulinda. Anabaki kutegemea sheria ya usajili wa vizazi, inayoruhusu uandikishaji wa kuchelewa, pamoja na watu waliomwona: mkunga, imamu au mchungaji, mwenye nyumba, mwalimu wa darasa la kwanza. Ushahidi wao hupokelewa leo kama nyongeza ya karatasi, na afisa mmoja anaweza kuukataa. Ukipewa uzito unaolingana na wa cheti, na ofisi ikalazimika kuandika kwa nini imeukataa kila inapoukataa, mtu huyo atakuwa na rekodi yake ya kwanza hata siku atakapokataliwa, nayo ndiyo atakayokwenda nayo mahakamani.